Mpwani Apandaye Mlima Afungashe Siku Kwanza

Mazungumzo ya leo ni ya safari ya mlimani. Januari na Februari ni miezi ya ukavu Mlima Kenya na Kilimanjaro, na anayepanga kupanda huanza kwa kuuliza abebe nini. Orodha atakazopewa zinafanana: buti, koti la mvua, begi la kulalia, tochi ya kichwani, glavu, kofia, dawa. Sina ugomvi na hata kimoja hapo. Ninachosema ni kwamba orodha hizo zimeandikwa na watu wanaoanzia safari mahali pengine. Sisi tunaoanzia usawa wa bahari tuna jambo la kuandika juu ya hayo yote, nalo halipatikani dukani wala haliazimwi kwa jirani. Jambo hilo ni siku. Mtu wa Magarini huku Kilifi, awe wa Marafa, Gongoni au Mambrui, anayekwenda mlimani atenge siku za kutosha kabla hajanunua hata soksi, na pesa zisipotosha, apunguze vitu asipunguze siku.

Nianze na mwili, maana ndio unaopanda. Hewa ya Gongoni na hewa ya kilele cha Kilimanjaro zina sehemu ileile ya oksijeni, takriban asilimia 21. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni ile kani ya hewa inayoisukuma oksijeni kifuani. Pale kileleni, Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, kila pumzi unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni uliyoizoea ufukweni. Kwenye kambi ya Shipton, Mlima Kenya, mita 4,200 hivi, unapata kama asilimia 60. Mwili una njia zake za kujirekebisha: pumzi huongezeka kasi, moyo hupiga zaidi, figo huisawazisha damu ili pumzi hiyo ya kasi iendelee bila madhara, na baadaye chembe nyekundu za damu huongezeka. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na ujasiri wa mtu hauiharakishi. Aliyepanda upesi kuliko mwili wake huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na kizunguzungu, hukosa usingizi na hamu ya chakula. Wengi huishia hapo. Wachache mapafu yao hujaa maji, au ubongo huvimba, na hao wasiposhushwa haraka wanaweza kufa, wakati mwingine ndani ya saa chache. Vijana hawapendi kulisikia hili, lakini nguvu za misuli hazimkingi mtu. Mchezaji mpira wa Marafa mwenye miaka 22 yumo hatarini sawa na mwalimu mstaafu, pengine zaidi, kwa sababu miguu yake humfikisha juu kabla kifua hakijawa tayari.

Sasa tazama mahali tunapoanzia. Mkazi wa Nairobi hulala kila usiku kwenye mita 1,700 hivi. Wa Eldoret yuko juu ya mita 2,000. Hata akipanda haraka, damu yake tayari imeshazoea kidogo. Mtu wa Mambrui anasikia mawimbi akiwa kitandani. Akipanda basi la usiku kutoka Malindi, akaunganisha Nairobi asubuhi, akafika Nanyuki mchana na kuingia lango la Sirimon la Mlima Kenya siku hiyohiyo, atalala kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300. Madaktari wa safari za milimani hushauri kwamba anayetoka mwambao asilale juu ya mita 2,750 usiku wake wa kwanza. Wanashauri pia kwamba ukishapita mita 3,000, pahala pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Basi huyu ndugu yetu amevunja shauri la kwanza kabla hajafungua begi. Kesho yake ratiba ya kawaida inamtoa Old Moses hadi Shipton, mita 900 kwa mkupuo, na hapo amevunja la pili. Njia ya Naro Moru ni kali zaidi: kutoka kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050 hadi kambi ya Mackinder kwenye mita 4,200 ni mita zaidi ya 1,100 ndani ya siku moja, na kuna kinamasi cha kupita katikati. Upande wa Tanzania, njia ya Marangu ina mabanda ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Kila siku unapanda mita 1,000, kisha usiku wa manane unaamshwa uelekee kileleni. Ndiyo maana wanaojua kazi yao huongeza usiku wa pili Horombo. Kwa mtu wa pwani mimi naona usiku huo ni wa lazima, na anayemuuzia safari ya Marangu bila usiku huo anamuuzia safari ya mtu mwingine.

Ushahidi wa haya haukuanza juzi, na sehemu yake imetoka papa hapa Kilifi. Rabai, kilomita chache kutoka Mombasa, ndiko mmisionari Johannes Rebmann alikoanzia safari iliyomfikisha mbele ya Kilimanjaro Mei 1848, akiongozwa na Mswahili wa Mombasa aliyeitwa Bwana Kheri. Mwaka 1871 mmisionari Charles New aliondoka Ribe, jirani ya Rabai, akapita nchi ya Wachagga na kupanda hadi kwenye theluji. Alikuwa na watu wa pwani na wenyeji wa mlima. Baridi na uchovu viliwakatiza njiani, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki na mtu mmoja tu, Tofiki, ambaye naye aliishiwa nguvu karibu kabisa na theluji. Mtu anaweza kusoma kisa hicho akahitimisha kwamba mwili wa pwani haukuumbwa kwa mlima. Hitimisho hilo lingekuwa na uzito kama tusingekuwa na kisa cha pili.

Kisa cha pili ni cha Mjerumani Hans Meyer. Alijaribu Kilimanjaro mwaka 1887 akashindwa na barafu. Aliporudi 1889 na Ludwig Purtscheller wa Austria, alibadilisha mpango mzima. Aliweka kambi kwenye tambarare ya juu, mita 4,300 hivi, na kupanga watu wa kumpandishia chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, ili asilazimike kushuka kwa njaa. Aliyekaa naye kambini akipika, akitafuta kuni na maji, alikuwa Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani kama wewe na mimi. Tarehe 3 Oktoba Meyer na mwenzake walifika kwenye ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi chini. Walipumzika, wakasogeza malazi yao karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika kileleni. Walishinda kwa kuwa walikuwa na uwezo wa kujaribu tena, na uwezo huo ulitokana na siku na chakula. Lakini mimi humtazama zaidi Mwini Amani. Mtu aliyezaliwa kwenye mnazi na mkoko aliishi juu ya mita 4,000 kwa zaidi ya wiki mbili, akifanya kazi kila siku. Jina lake lingestahili kufundishwa shuleni pwani nzima. Tofiki alipelekwa juu kwa siku chache, Mwini Amani alipewa muda na mahali pa kulala. Wote wawili walitoka mwambao, na tofauti yao haiwezi kuelezwa kwa asili.

Kwa hiyo anayesema Wapwani hawaiwezi baridi, na maneno hayo tunayasema zaidi wenyewe kwa wenyewe kuliko tunavyoambiwa na watu wa bara, anakosea sababu. Tunachokosa ni mazoea, na mazoea hupatikana kwa kulala juu usiku baada ya usiku. Wazee wetu wa vyombo walilijua jambo la namna hii baharini. Nahodha hakushindana na upepo. Alingoja kaskazi au kusi, hata ikiwa kungoja kulimaanisha miezi bandarini, na hakuna aliyemwita mvivu. Mlima nao unadai kungoja, ila kungoja kwake ni kwa siku mbili tatu tu.

Pingamizi la kwanza na zito ni pesa. Siku ikiongezeka, ada ya hifadhi inaongezeka, ujira wa kiongozi, mpishi na wapagazi unaongezeka, na chakula pia. Ni kweli, na ndiyo sababu kampuni zinazoshindania wateja hukata siku ili bei iwe chini. Lakini hesabu ya Mkenya si hesabu ya Mzungu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni wa ng'ambo, Kenya na Tanzania vilevile, kwa hiyo siku ya ziada inamgharimu kidogo kuliko yule ambaye ratiba ilitungwa kwa ajili yake. Tena siku zinazomfaa zaidi mtu wa Magarini nyingine ziko nje ya hifadhi, mahali pasipolipiwa ada yoyote. Lala usiku mmoja Nanyuki, mita 1,950 hivi, kwa bei ya chumba cha gesti na sahani ya wali. Usiku wa pili ulale karibu na lango la Sirimon, kwenye mita 2,650. Ndipo uingie Old Moses, ulale huko mara mbili: siku ya katikati unapanda mita mia tatu au nne ukiwa na begi jepesi, unarudi kulala chini. Hapo, ingawa mkupuo ni uleule wa mita 900, Shipton itakupokea ukiwa mtu mwingine. Ukipata pia usiku wa pili Shipton kabla ya kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, umejitendea haki kabisa. Sasa linganisha gharama hizo na bei ya buti mpya na koti la kampuni maarufu la Ulaya. Vifaa hivyo vinaweza kukodishwa Nanyuki au Moshi, au kuokotwa kwenye mitumba. Usiku wa Old Moses haukodishwi.

Pingamizi la pili ni la wale wanaotaja wenye kasi. Ni kweli, mwaka 2014 mkimbiaji Karl Egloff alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa chini ya saa saba. Mtanzania Simon Mtuy, mtoto wa Kilimanjaro, naye amepanda na kushuka ndani ya siku moja. Lakini watu hawa hawatoki ufukweni jana. Hujizoesha mwinuko kwanza kwa siku nyingi, ndipo wapime saa zao. Vilevile wapagazi, ambao Kilimanjaro huitwa wagumu na wanastahili jina hilo, wengi wanaishi kwenye miteremko ya mlima na hupanda safari baada ya safari. Hata hao huumwa. Ukimwona mgumu anakupita mbio na mzigo kichwani, usiichukue kasi yake kuwa kipimo chako.

Kuna pia wanaoweka tumaini lote kwenye kidonge. Dawa ya asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, husaidia kweli: huharakisha yale marekebisho ya figo na pumzi. Mtu anayelazimika kupanda upesi azungumze na daktari kuihusu, hasa akiwa na mzio wa dawa za salfa. Bado haichukui nafasi ya siku, na haimruhusu mtu mwenye dalili aendelee kupanda. Vidonge vya kutuliza maumivu vina hatari yake: vinaondoa kichwa kuuma, ambacho ndicho kilichokuwa kikikuonya.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo orodha za wageni haziligusi kabisa, nalo linatuhusu sisi kuliko karibu kila mtu anayefika milimani. Ni damu yetu na homa yetu. Tafiti zilizofanywa Kilifi kwa miaka mingi, zikiwemo za taasisi ya utafiti ya KEMRI na washirika wake, zimeonyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi katika ukanda huu amebeba chembe ya urithi ya selimundu (sickle cell) kutoka kwa mzazi mmoja. Wengi hawajui, kwa kuwa hawaumwi chochote, na chembe hiyo huwakinga watoto na malaria kali. Lakini kwenye hewa haba, mtu aliyeibeba anaweza kupata maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, wengu ukiwa umekosa damu. Haiwapati wote, hata kidogo, ila mtu anayepanda juu ya mita 3,000 bila kujijua hatafahamu kinachomsibu, wala kiongozi wake hatafahamu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende huko kabisa mpaka daktari wake aseme. Kipimo ni cha damu. Kifanye mwezi mmoja kabla ya safari, hospitali ya Malindi au Kilifi, na majibu yake uyabebe kwenye karatasi.

Malaria nayo ina mtego wake. Mbu aliyekuuma Gongoni wiki iliyopita hakukuaga. Homa inaweza kuchukua siku saba, kumi au zaidi kabla ya kujitokeza, na siku hizo ndizo utakazokuwa mlimani. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya chakula: dalili za malaria na za mwinuko ni ndugu. Kiongozi wa Nanyuki au Marangu, ambaye kwao malaria si ya kila siku, ataona mwinuko peke yake. Mwambie mapema kwamba umetoka pwani. Mwili ukichemka huko juu, shuka, kwa kuwa kushuka ndiyo tiba ya mwinuko na pia ndiyo njia ya kufika penye kipimo cha malaria. Anayekaa kambini akibishana kuhusu ni ipi kati ya hizo mbili anapoteza saa zilizo na thamani.

Baada ya siku na damu, sasa nguo. Joto hushuka takriban digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua digrii 28 za Malindi: Old Moses utabaki na digrii sita au saba, Shipton inakaribia sifuri, Lenana iko chini ya sifuri, na Uhuru ni kama digrii kumi chini ya sifuri. Hizo ni hesabu za jumla tu, hazijahesabu upepo wala giza la alfajiri ambapo watu hufika kileleni. Mpwani akisikia hivyo hununua koti moja zito kama godoro, na hilo ni kosa. Mtu akipanda hutoka jasho hata kwenye baridi, na nguo moja nene haina namna ya kupunguzwa. Vaa tabaka: fulana nyepesi ya nailoni au sufu inayogusa ngozi, juu yake sweta la sufu au flisi, kisha koti linalozuia upepo na mvua. Mitumba ya Malindi na ya Kongowea, Mombasa, ina sweta hizo, na pwani haziendi kwa bei kubwa kwa sababu wanaozitaka ni wachache. Zigeuze, usome kitambaa cha lebo. Ukiona ni pamba tupu, rudisha. Fulana ya pamba, tunayoipenda kwa joto letu, hunywa jasho na kukaa nalo, na ukisimama dakika tano upepo unaigeuza kitambaa cha maji baridi mgongoni. Leso na kikoi vina kazi yao, tena nzuri: ni vyepesi, hukunjwa vidogo, hutumika kama taulo, kama pazia la kubadilishia nguo, kama kitambaa cha shingo kambini ukiwa mkavu. Visiguse mwili unaotoka jasho. Fulana moja na soksi jozi moja za kulalia zifungwe peke yake kwenye mfuko wa nailoni, zisivaliwe mchana hata ukishawishika vipi, maana mtu aliyelowa asipokuwa na kikavu cha kuingia nacho kitandani, begi la kulalia lenye ubora wowote halitampasha moto.

Chakula ni eneo ambalo pwani ina faida, na nashangaa hatulitumii. Juu huko hamu ya kula hukimbia, na sahani ya mpishi hurudi jikoni imejaa. Kitu pekee kinachopita kooni ni kile ulimi unachokijua. Korosho za Kilifi zina mafuta na nguvu nyingi katika uzito mdogo. Tende hazigandi zikawa jiwe upesi kama chokoleti. Kashata za nazi, karanga, simsim, mabuyu ya kumumunya mdomo unapokauka, tangawizi kavu ya kutia kwenye chai: vyote ni vya sokoni kwetu. Vigawe kwa siku, mfuko mdogo kwa kila siku, ili usimalize vya kesho leo. Maji yanywewe lita tatu au nne kwa siku, hata usiposikia kiu. Usiku wa kuelekea kileleni weka chupa kichwa chini miguu juu, kwa sababu barafu huanzia sehemu ya juu ya maji, na ukiigeuza kifuniko hakitaganda kwanza. Betri za tochi na simu zilale nawe ndani ya begi la kulalia. Baridi huzifanya zionekane zimeisha kumbe bado.

Kuhusu mazoezi sitasema mengi, maana hatuna mlima wa kutuzoesha hewa na ni vyema kulikubali hilo. Kilima cha Mwangea, hapa hapa Kilifi, hakifiki mita 600. Kinajenga mapaja, hakiongezi chochote kwenye damu. Mchanga mlaini wa kutoka Mambrui hadi mlango wa mto Sabaki, ukiutembea na begi la kilo nane, unakaza misuli ya shavu la mguu na kifundo kuliko lami yoyote. Tembea na buti zilezile za safari kwa wiki kadhaa, na soksi zilezile. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla ya kuondoka, maana wakati wa kushuka vidole hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na wengi hupoteza kucha huko. Mzigo mkubwa utabebwa na wapagazi. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa langoni na haupaswi kuzidi kilo 20. Kila kitu ulichoongeza kwa hofu kinakaa shingoni mwa mtu, na mimi naona ni bora kilo tano za nguo zisizovaliwa ziachwe nyumbani na pesa zake ziingie kwenye ujira wao, hasa unapowaomba wakae siku mbili zaidi kwa ajili yako.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo nadhani litawazuia wengi wanaonisikiliza: likizo. Mwalimu, mfanyakazi wa kiwanda cha chumvi Marereni, mhudumu wa hoteli wa Malindi, hawapewi siku kumi kwa urahisi. Wana wiki moja, na ndani yake mna safari ya kwenda na kurudi. Kwao sitasema wabanebane ratiba. Wachague mlima unaoingia kwenye siku walizo nazo. Vuria, kilele cha juu cha milima ya Taita, ni mita 2,208, na kutoka Malindi unafika Voi, karibu na milima hiyo, siku hiyohiyo. Kuna baridi ya kutosha kujaribu sweta, kuna msitu wa ukungu, na hakuna hewa haba ya kumwua mtu. Longonot, juu ya Naivasha, ina ukingo unaofika mita 2,776, na unalala chini bondeni. Lenana na Uhuru vingoje likizo ndefu. Na anayekwenda huko asikate tiketi ya kurudi ya siku ileile anayotarajia kushuka. Aache siku moja wazi kati ya lango la hifadhi na basi la Malindi, kwa sababu akiambiwa usiku wa Shipton kwamba ni lazima apumzike au arudi Old Moses, akiwa na tiketi ya kesho mfukoni atakuwa na kila sababu ya kukataa.